Tumfundishe mtoto rangi ya manjano

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, kuhara na chanjo. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya jambo linaloonekana kuwa ni mchezo tu: namna ya kumfundisha mtoto wa miaka miwili au mitatu rangi moja, rangi ya manjano. Tumeichagua hiyo kwa kuwa hapa kwetu Tabora haihitaji fedha. Tena ni rangi inayogusa macho ya mtoto, chakula chake, na baadhi ya hatari zilizomo humo humo nyumbani mwetu.

Mama mmoja alituletea mtoto wake wa kiume wa miaka miwili na nusu. Alikuwa na huzuni. "Nadhani huyu mtoto haoni vizuri," alisema. "Kila nikimwuliza rangi, anajibu nyekundu. Majani ni mekundu, dumu la maji ni jekundu, hata anga ni nyekundu. Baba yake ameanza kumchapa, anasema ni ukaidi." Tulichukua vifuniko sita vya madumu, vitatu vya manjano na vitatu vya buluu. Tukaweka kimoja cha manjano upande huu na kimoja cha buluu upande ule, kisha tukampa mtoto vinne vilivyobaki. Bila kuambiwa neno alivipanga vyote mahali pake. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Alichokosa ni jina, na jina la rangi ni kitu kigumu kuliko sisi watu wazima tunavyodhani.

Mtoto mchanga wa miezi minne au mitano huona rangi vizuri. Lakini majina yake huyajua baadaye sana. Wengi huanza kuyashika wakiwa na miaka miwili na kitu, na huendelea kuyachanganya hadi mwaka wa nne. Si watoto wa Tabora tu. Mtaalamu Charles Darwin wa Uingereza aliandika mwaka 1877 kwamba watoto wake walijua majina ya vitu vyote vya kawaida, lakini rangi hawakuweza kuzitaja sawasawa. Naye kwa muda alidhani hawazioni, baadaye akagundua kwamba hofu yake ilikuwa bure. Kama mtu aliyetumia maisha yake yote kuchunguza viumbe aliweza kudanganyika hivyo, baba wa mtoto wetu asilaumiwe sana. Fimbo tu aiweke chini.

Ugumu uko hapa. Ukimwonyesha mtoto mbuzi ukasema "mbuzi", mbuzi yupo, ana pembe, analia. Lakini ukinyosha kidole kwenye embe ukasema "manjano", mtoto atajuaje kwamba husemi juu ya embe lenyewe, au utamu wake, au umbo lake? Ndiyo maana wengi huanza kwa kudhani kwamba neno la rangi ni jina jingine la kitu kile. Watafiti fulani wa Marekani walionyesha mwaka 2010 kwamba watoto wa miaka miwili hivi hujifunza rangi upesi zaidi wanaposikia kwanza jina la kitu, halafu rangi yake. Kiingereza cha kawaida hutanguliza rangi, kwa hiyo wazazi wa huko hulazimika kugeuza maneno. Sisi tumebarikiwa, maana Kiswahili chetu tayari husema hivyo: embe la manjano, dumu la manjano, kitenge cha manjano. Semeni hivyo hivyo kwa sentensi nzima, "Dumu hili ni la manjano," wala msimtupie mtoto neno "manjano" peke yake hewani.

Jambo jingine la lugha. Wengine husema njano, wengine manjano. Yote ni sawa, lakini nyumba moja na ichague moja mpaka mtoto azoee. Tena mkumbuke kwamba Kiswahili kina maneno ya asili matatu tu ya rangi yanayogeuka kufuata jina, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumeziita kwa kuazima majina ya vitu: kijani kutoka majani, kijivu kutoka majivu, kahawia kutoka kahawa, chungwa, zambarau. Manjano yenyewe ni kile kiungo cha mchuzi. Lugha nyingi za nyumbani nazo zinafanana na Kiswahili katika hili, na bibi anaweza kulitia embe bivu katika fungu la wekundu bila kosa lolote. Kwa hiyo mtoto anayesikia lugha mbili ana kazi mbili, na akichelewa kidogo si mjinga. Mtoto mmoja tunayemfahamu aliliita dumu la maji "dumu la embe". Watu wa nyumba yake walicheka sana. Lakini alikuwa amefanya kile kile walichofanya wazee waliotuachia neno zambarau. Mtoto huyo alikuwa ameshaielewa rangi.

Tuanze na embe

Miembe tunayoiona Tabora, na ile iliyopangana hapa na pale kwenye njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia kwetu mpaka Ujiji, ilifuata biashara ya karne ya 19. Wafanyabiashara waliipanda ili wapate kivuli na chakula vituoni, na wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walikula embe na kutupa kokwa njiani. Kwa njia hiyo hiyo walipita pia watumwa waliofungwa minyororo, jambo ambalo hatutakiwi kulisahau tunapokaa kivulini. Kiswahili nacho kilipanda bara na misafara. Basi embe limetufikia kutoka pwani, na neno manjano vile vile.

Mvua zinapoanza kushika, mwezi Novemba na Desemba, maembe yanauzwa kwa ndoo, na mtoto anakutana nayo kila mahali. Huo ndio wakati mzuri wa somo. Chagueni embe ambalo ganda lake bado lina ukijani lakini ndani limeiva. Lioshwe kwa maji safi na salama, na mikono ya mama na mtoto ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa msimu wa maembe ni msimu wa inzi na wa kuhara. Mpeni mtoto alishike. "Embe hili nje ni la kijani. Ndani likoje? Tuone." Kateni polepole mbele yake. Atakapoona ile nyama ya manjano, acheni ashangae kwanza, kisha semeni, "Loo! Ndani ni la manjano." Kesho fanyeni tena na embe jingine. Baada ya siku chache atakuwa anasubiri kisu kipite, na huenda akasema neno kabla yenu. Utomvu wa kwenye kikonyo huwasha midomo ya watoto wengine, kwa hiyo ukatwe na kutupwa. Kokwa linateleza, mtoto mdogo asiachwe peke yake akilinyonya.

Baada ya embe, tafuteni manjano nyingine ili mtoto ajue kwamba neno hili si la embe tu. Hapo wazazi wengi hukosea, kwa kuwa hubaki na kitu kimoja. Chukueni beseni, mtie vitu vinne au vitano vya manjano visivyofanana kwa lolote jingine: kifuniko cha dumu, kipande cha kitenge, ua la alizeti, ndizi mbivu, bonge la nta kama kuna mrina asali katika ukoo. Nta ya Tabora ina manjano nzuri, hunukia, na ikipata joto la mkono hulainika. Watoto huipenda mno. Mtoto avitoe kimoja kimoja, nanyi mseme jina la kitu na rangi yake. Siku nyingine changanyeni na vitu vyeusi au vya buluu, avitenge mafungu mawili. Msianze na manjano dhidi ya chungwa au kijani kibichi, maana hata watu wazima hugombana juu ya hizo. Vitu vyote viwe vikubwa kuliko mdomo wa mtoto. Maharage, mbegu, punje za mahindi na vifuniko vya soda havifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu huziba koo au huingizwa puani.

Mchezo wa kutafuta hauhitaji kuandaliwa. Mama anakwenda kuchota maji, mtoto yuko ubavuni, na njiani wanatafuta manjano. Yapo madumu yaliyopangwa foleni bombani, kanga ya jirani, basi la shule, vifaranga wapya. Mnana naye yumo, yule ndege mwenye kifua cha manjano anayesuka viota vinavyoning'inia na kupiga kelele kutwa nzima. Mtoto asiyejua kusema anaweza kunyosha kidole, na hiyo inatosha. Akishika vifaranga, aoshwe mikono. Kaka na dada wa darasa la pili na la tatu ni walimu wazuri sana katika mchezo huu, pengine kuliko sisi, mradi wasigeuze kuwa mtihani.

Na kuna uchoraji, ambao baba anaweza kuushika Jumapili jioni. Chukueni kijiko cha unga wa manjano, ile bizari ya mchuzi, mkoroge na uji mzito uliopoa. Tandazeni karatasi ya katoni chini ya mwembe, mvueni mtoto shati, mwacheni achore kwa vidole. Akitia kidole mdomoni hakuna neno, ni chakula. Mama atalalamika juu ya madoa, nasi tunamwelewa. Lakini hapo ndipo penye utamu. Doa la manjano likipakwa sabuni ya mche hugeuka jekundu kama udongo papo hapo. Mwonyesheni mtoto. Kisha kamulieni limao juu yake, manjano itarudi. Nguo ikishafuliwa ianikwe kwenye jua kali siku moja au mbili, kwani rangi hii haistahimili jua.

Somo la namna hii lisizidi dakika kumi. Mtoto akigeuka na kumkimbilia paka, somo limekwisha. Wala msimwandame kwa swali "Hii rangi gani?" kutwa nzima. Akikosea, msimwambie "Hapana, mjinga wewe". Semeni tu kwa upole, "Dumu hili ni la manjano," mkaendelea na kazi zenu.

Manjano isiyofaa kuguswa

Sasa tunaomba wazazi wasome kwa makini, kwa sababu mtoto tuliyemfundisha kutafuta manjano ataitafuta hata pale tusipotaka. Vidonge vingi vya dawa mseto ya malaria ni vya manjano, na vile vya watoto vimetiwa ladha tamu. Mtoto akiviona mezani atavila kama pipi. Hivyo dawa zikae juu, mahali asipofika, ndani ya kitu kinachofungwa, na kamwe tusimwambie mtoto kwamba dawa ni pipi ili aimeze. Hiyo ni hila inayorudi kutuumiza.

Katika Urambo, Kaliua, Sikonge na kwingineko ambako tumbaku ndiyo shamba la familia, majani yakitoka kwenye bani huwa ya manjano ya kupendeza, na wakati wa kuyapanga madaraja kwa rangi nyumba nzima hukaa chini kufanya kazi hiyo. Mtoto mdogo naye hutambaa humo, na huenda mtu akaona hapo pana somo rahisi la rangi. Tunasema hapana. Tumbaku ina sumu iitwayo nikotini. Majani mabichi yenye umande au maji ya mvua huipitisha kwenye ngozi, mtu akapata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Majani makavu mtoto akiyatafuna humdhuru vile vile, naye ana mwili mdogo. Atengwe na kazi hiyo, na anayetoka kwenye tumbaku anawe mikono kabla ya kumbeba au kumnyonyesha.

Yapo pia mafuta ya taa, petroli na dawa za kuua wadudu zinazotiwa katika chupa za soda na madumu yale yale ya manjano. Mtoto hawezi kujua tofauti. Akinywa mafuta ya taa au petroli, msimtapishe, kwa kuwa yakipanda huingia mapafuni. Mpelekeni zahanati mara moja pamoja na chupa aliyoinywea. Rangi za mafuta za kupaka milango na vitanda nazo msimpe achezee. Zile za manjano na nyekundu zinazong'aa ndizo ambazo mara nyingi zimeonekana kuwa na madini ya risasi kwa wingi, na risasi huharibu akili ya mtoto kimya kimya, bila homa wala maumivu ya kuwashtua wazazi.

Kwa hiyo, tangu mwanzo kabisa, sambamba na neno manjano, mtoto afundishwe maneno mengine mawili: ya kula, na ya kutazama. "Embe ni la manjano, la kula. Dumu ni la manjano, la kutazama." Mtoto wa miaka mitatu huyashika. Lakini maneno hayo hayaondoi wajibu wetu wa kufungia dawa.

Manjano katika chakula na katika macho

Manjano ya embe, papai, boga, karoti na viazi lishe hutokana na kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayeikosa vitamini hiyo kwanza hushindwa kuona giza linapoanza kuingia. Anajikwaa kwenye kigoda, hapati sahani yake, anakataa kucheza nje wakati wenzake bado wanakimbia. Ikiendelea, macho hukauka na anaweza kupofuka kabisa, hasa akipata surua. Hata surua na kuhara humwua mtoto huyo kwa urahisi zaidi. Viazi lishe vilivyochemshwa, kama gramu 125 tu kwa siku, humtosha mtoto wa chini ya miaka mitano. Ukivifanya matobolwa na kuvianika juani, sehemu ya vitamini hupotea, kwa hiyo msingoje vikauke vyote. Mawese ya Kigoma yanayofika kwetu kwa treni yana vitamini hiyo kwa wingi, ila mkiyachemsha mpaka yageuke meupe mmeiunguza yote.

Lakini msidanganyike na rangi. Bizari ni ya manjano na haina vitamini A ya kutegemewa. Juisi za unga wa pakiti ni za manjano kwa sababu zimetiwa rangi kiwandani. Na matembele na mchicha, vilivyo vya kijani, vina vitamini hiyo tele. Ukijani tu umeifunika manjano iliyomo ndani. Vipikwe na mafuta kidogo ili mwili uipokee. Asali yetu, hata ikiwa nzuri namna gani, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza mwili wa mtoto mchanga.

Pamoja na chakula hicho, mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apelekwe kupata matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Mhudumu akikata kidonge cha buluu, ni kile cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Chekundu ni cha mwaka mmoja na kuendelea. Hapo mtoto wenu mkubwa atapata rangi nyingine mbili bure.

Msimu wa maembe na papai huwatia hofu baadhi ya wazazi, maana viganja na nyayo za mtoto hugeuka manjano. Tazameni weupe wa jicho. Ukiwa ni mweupe, mtoto amekula sana matunda hayo, haumwi, na rangi itaondoka yenyewe. Ikiwa jicho lenyewe limekuwa la manjano, au mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, hilo si jambo la matunda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga akiwa wa manjano ndani ya siku ya kwanza ya kuzaliwa, au manjano ikifika mpaka viganjani na nyayoni, asianikwe juani nyumbani kwa kungoja, apelekwe.

Kuhusu yule mtoto anayetimiza miaka minne au mitano na bado anachanganya rangi zile zile, hasa nyekundu na kijani, au manjano na kijani hafifu, mpelekeni akapimwe macho. Wapo wavulana wachache waliozaliwa hivyo, kwa urithi unaopitia kwa mama ambaye yeye mwenyewe huona vizuri. Hawaugui, na akili zao ni timamu. Mwalimu aambiwe tu ili asimchape kwa kupaka majani rangi ya kahawia.

Yule mtoto wa vifuniko alirudi na mama yake kwa ajili ya kupimwa uzito. Tulimwonyesha kikombe cha manjano mezani, akakitazama sana. "Kikombe chekundu," akasema. Mama alicheka, akamwinua, akamwambia, "Kikombe hiki ni cha manjano, baba," wakaenda zao. Alikuwa ameongezeka gramu 300.